Mafindo Mawili Chupani

Ndugu zangu, nyumba ya fundi viatu ilikuwa na amani. Yeye akigonga misumari barazani, mkewe akishona mapazia ndani, na binti yao wa miaka saba akiwasomea kitabu kwa sauti ya kukwaruza, maana mafindo, vile vinyama viwili vya kooni, yalimvimba kila mwezi. Ila fundi naye alikuwa na ugonjwa wake: kushuku. Hata sukari aliinusa kabla ya kuitia kwenye chai. Majirani wakamwita Mnusaji.

Siku binti alipopasuliwa hospitalini ili mafindo yatolewe, Mnusaji alichungulia mlangoni. Akamwona muuguzi akitia vile vinyama viwili kwenye chupa ndogo, akaibandika namba, akaiweka kwenye sanduku la barafu.

"Umeona?" akamnong'oneza mkewe. "Taka gani hutunzwa kwenye barafu?"

"Baba wee, si uulize?"

"Mwizi anaulizwa?"

Muuguzi alipogeuka, chupa ikaingia mfukoni mwa fundi. Daktari alikuwa ameagiza mtoto alale pale, achungwe asitoke damu. Mnusaji hakungoja. Akambeba begani, akapita mlango wa nyuma, mkewe nyuma yake analia.

Jioni mtoto akawa anameza. Akameza tena, na tena.

"Hajala kitu," mama akasema. "Anameza nini?"

Wakammulika kooni. Damu!

Wakarudi mbio. Daktari akauziba mshipa, na kwa rehema ya Mungu mtoto akapona. Ndipo Mnusaji akaitoa chupa, ina joto la paja lake.

Daktari akatikisa kichwa. "Hivi vilikuwa vya maabara. Ndani yake mna seli zinazotandika mishipa midogo ya damu kwa ndani. Watafiti huzikuza, wajue maradhi yanapenyaje. Sasa zimeharibika."

"Mlimwomba nani?"

Daktari akamtazama muuguzi. Muuguzi akatazama sakafu.

"Fomu ninayo," akasema taratibu. "Nilitaka niwaombe idhini mtoto akishaamka."

"Ulichelewa, dada."

"Nilichelewa. Lakini mzee, ungesema hapana tu, nisingevipeleka maabara. Kulikuwa na haja gani ya kutoroka na mgonjwa?"

Mnusaji akaketi kando ya kitanda. Akamshika binti yake mkono, hakuuachia mpaka asubuhi.

MAFUNZO

Anayechukua, aombe kwanza. Anayeshuku, aulize kwanza. Ulimi wa kuuliza ni bure, na damu ya mtoto hainunuliki. Tena ndugu zangu, mtoto aliyepasuliwa koo akimeza-meza bila kula, msikae kubishana nani mwizi. Mkimbizeni hospitali.