Uhusiano na Namba 41

Foleni ya duka la kopi ilifika mlangoni. Mwanamume mmoja, shati lake limepigwa pasi mbele tu, akaipita yote na kuweka flashi mezani.

"Dada, nisaidie. Saa kumi wafadhili wanafunga kupokea maombi."

Binti wa kopi, gauni la kijani, kalamu nyuma ya sikio, hakuinua macho. "Na hawa waliosimama wamekuja kuota jua?"

Watu wakacheka. Akarudi mwisho. Zamu yake ilipofika zilibaki dakika kumi na mbili. Binti akachapa kurasa sitini, akazibana, akasema, "Kimbia."

Kesho yake alirudi kushukuru. Keshokutwa yake alirudi bila sababu.

Alikuwa mtafiti katika maabara ya hospitali. Mwezi wa pili walikuwa wakipigiana simu kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Niko maabara na chembe zangu."

"Basi zikupikie."

Siku moja binti alimuuliza anatafuta nini hasa huko.

"Wanawake wawili, umri mmoja, saratani ya titi ileile, dawa zilezile," alisema. "Mmoja anapona. Mwenzake wa jamii nyingine anaondoka ndani ya mwaka. Watu husema alichelewa hospitali. Mara nyingi ni kweli, lakini wapo waliowahi. Nataka kujua ndani ya chembe za miili yao kuna nini."

"Na wafadhili?"

"Wanapenda kununua mashine, wapige nayo picha. Swali halipigwi picha."

 Mama yake binti, mshonaji, aliwahi hospitali kwa saratani hiyohiyo, akafa, na msibani watu wakasema alichelewa. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

Wafadhili walirudisha maombi yafanyiwe marekebisho. Mtafiti akayatuma dukani yachapwe upya. Katika ukurasa wa ishirini na tatu binti akasoma: *Namba 41. Mshonaji, miaka thelathini na tisa. Aliwahi matibabu. Ameacha mabinti watatu. Ndugu wa damu wanatafutwa.*

Akazima mashine. Kumbe ndiyo maana alirudi bila sababu. Alitafuta ndugu wa damu, akampata hapa kaunta.

Mtafiti alipiga simu mara saba. Haikupokewa. Ya nane iliita mbele ya mama mdogo, mwenye duka, aliyemlea yeye na wadogo zake wawili baada ya msiba.

"Mbona humjibu mwenzio?"

Binti akamsukumia ule ukurasa. Mama mdogo akausoma polepole.

"Karatasi ya ruhusa ya kuchukua sampuli niliitia sahihi mimi, wodini. Muuguzi aliniambia jina linabaki kwenye daftari lake kabatini, maabara wanapewa namba. Sasa huyu kijana angekujuaje? Amepiga ramli?"

"Ungeniambia, mama mdogo."

"Ulikuwa unalia. Ningekuambia saa ngapi?"

Binti akatoka nje, akapiga simu.

"Arobaini na moja ni mama yangu."

Mtafiti akajibu, "Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nimepiga."

"Nimemtazama kwa darubini miaka miwili," alisema taratibu.

"Yukoje?"

"Mkaidi. Kila dawa niliyoweka, chembe zake zimeikataa."

"Huyo ndiye mama," binti akasema, akifuta macho huku akicheka.

Asubuhi mtafiti alikuja mwenyewe. Hakuwa amelala vizuri.

"Nichapie barua kwa wafadhili. Sampuli namba 41 itashughulikiwa na mwenzangu, si mimi. Kanuni hairuhusu mtafiti kushika sampuli ya ndugu yake."

Binti akaacha kuchapa. "Si ndiyo sampuli yako kubwa? Kazi yote imesimama juu yake."

"Ndiyo."

"Wakikunyima fedha kwa sababu hiyo?"

"Nitaomba tena mwakani. Endelea. Uhusiano wangu na marehemu..." Akakwama. "Hapo siwezi kukwambia uandike nini. Kama hakuna, ifute barua yote."

Mama mdogo aliacha kupanga karatasi. Binti akachapa maneno mawili, akaitoa barua, akampa.

Mtafiti akasoma: *mama mkwe*.

"Lakini sijaleta posa," alisema.

"Basi leta. Anayeipokea amekaa pale."

"Aje Jumapili," mama mdogo akasema, "na aje na wazee wake. Mimi siongei na kijana peke yake."

Mtafiti akaomba kalamu, akatia sahihi.