Nilivyomtambulisha Dada Yangu kwa Mjumbe

Nina miaka ishirini na minne, ni fundi simu hapa Dodoma, kazi niliyojifunza mwenyewe. Kosa langu nililifanya siku ileile dada yangu alipotoka gerezani... na nililifanya kwa mdomo wangu!

Dada Salome ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alifungwa kwa kupika gongo, ile pombe haramu. Alipotoka nilimpokea chumbani kwangu, kisha nikampeleka kwa mjumbe wa mtaa wetu kumtambulisha. Mimi ni mtu wa hofu. Skrubu moja ikinidondoka sina raha siku nzima. Nilitaka kila kitu kiwe wazi, nisije nikalaumiwa.

"Shikamoo mzee. Huyu ni dada yangu, ametoka gerezani."

Mzee alinitazama. "Kijana, mimi sikukuuliza ametoka wapi."

Lakini mkewe alikuwa pale akipepeta mchele. Hadi jioni mtaa mzima ulijua!

Dada alianza kukaanga maandazi. Watu walipita wakicheka: "Mama Magereza, humo hujatia gongo?" Ndoo ikipotea, kuku akipotea, wanaanzia kwetu. Ikafika mahali wakibisha hodi tu, anawafungulia begi lake kabla hawajasema. Je, nilimtetea? Nilinyamaza... nikiogopa kupoteza wateja.

Kisha ikapotea bisibisi yangu. Macho yangu tu yalikwenda kwenye lile begi. Dada aliyaona. Alilimwaga miguuni pangu: kanga mbili, kipande cha sabuni, picha ya mama.

Asubuhi hakuwepo. Alikwenda Zuzu, nje kidogo ya mji, kwa mwanamke waliyekuwa wakipika naye gongo zamani. Haikupita miezi miwili, wakakamatwa wote.

Bisibisi niliikuta kwenye mfuko wa koti langu!

Nilipokwenda kumwona gerezani nilimuuliza, huku nalia, kwa nini alirudi kwa yule mwanamke. Alijibu taratibu: "Mdogo wangu, yule aliniuliza kama nimekula."

Wasomaji wenzangu, mnasema wanawake hawa wamezoea jela. Nani anazoea jela? Wanarudi kwa anayewafungulia mlango. Nawasihi, ndugu yako akitoka, usimtangaze, usimpekue hata kwa macho!

Dada ametoka tena. Nilimpokea getini, nikamuuliza kama amekula. Kwa mjumbe nilisema, "Huyu ni dada yangu," nikaishia hapo.

Wiki iliyopita majirani walikuja, wamepotelewa na ndoo. Nilisimama mlangoni, nikawaambia hapa hapekuliwi mtu. Begi halikufunguliwa. Dada yuko ndani, anakanda unga wa kesho.