Tsoi wa Heju

Jumamosi moja ya Machi 1968, katika soko la Kuilyuk, Tashkent, Trofim Tsoi aliagiza maharage yaliyochachushwa kwa Kikorea chake cha vitabuni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, koti la kijani lililopauka viwikoni, akageuka.

"Hivyo unavyoongea umejifunzia wapi, makaburini?"

"Kwenye kamusi. Natafsiri riwaya za Kikorea kwa Kirusi."

"Basi mtafsirie na muuzaji, maana hajaambulia kitu."

Aliitwa Klara, mfamasia, naye pia Tsoi. Hadi Juni walipigiana simu kila mchana, yeye akiwa duka la dawa, Trofim akiwa kwenye shirika la uchapishaji.

"Umekula, mwandishi wangu?"

"Nimekunywa chai."

"Chai ni chakula? Utanifia kabla hujanioa."

Jumapili moja ya Juni Klara akampeleka Trofim kwa baba yake. Mzee aliuliza swali moja tu: chimbuko la ukoo wake ni mji gani? Kwa desturi ya Wakorea, Matsoi wa miji tofauti huoana. Wa mji mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana.

Trofim hakujua. Baba yake alifia kwenye behewa la mizigo mwaka 1937, Wakorea walipohamishwa kwa nguvu kutoka Mashariki ya Mbali ya Urusi, yeye akiwa na miaka minne, na makao ya yatima yalimlea kwa Kirusi. Lakini mfasiri wa Kikorea aseme hajui ukoo wake? Akataja mji aliousoma asubuhi ile kwenye muswada.

"Heju."

Mzee akaweka kijiko chini. "Heju ni sisi."

"Nimebahatisha, mzee! Kweli sijui."

"Ukoo haubahatishwi."

Trofim alisafiri siku mbili kwa treni hadi Ushtobe, Kazakhstan, kwa shangazi yake pekee aliyebaki. Bibi huyo, asiyejua kusoma, hakusita hata kidogo: "Sisi ni wa Kangnung. Nani kakwambia Heju?" Hakukuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha. Trofim akapeleka telegramu, na kesho yake akapiga simu kutoka posta.

"Nimemsomea baba," Klara alisema. "Kauliza, aliyesema Heju ni nani? Trofim. Anayesema Kangnung ni nani? Trofim."

"Mlete aje amuulize shangazi."

"Anasema shangazi ni wako."

"Achana na baba. Twende Moscow, Klara. Kule hakuna atakayetuuliza."

Laini ikakwaruza. Nyuma ya Klara mteja alikuwa akidai dawa ya kikohozi.

"Wewe unaniamini?" Trofim aliuliza.

"Nakuamini, mpenzi."

"Basi?"

"Basi mtoto wetu akizaliwa mgonjwa, hata mafua tu, nitakutazama. Hutapenda nitakavyokutazama."

"Mimi si ndugu yako!"

"Najua. Mchana najua."

Opereta akaingilia kwa Kirusi: dakika zimekwisha, aongeze? Trofim akangoja Klara aseme aongeze, akasikia pumzi zake tu.

"Usiongeze," Trofim akasema, akaweka simu chini.