Nani Aliyehesabu Vidonda?

Kila siku baada ya mapumziko ya asubuhi, foleni ilijipanga nje ya chumba cha nesi wa shule. Huyu ameshika kiwiko, yule anaruka kwa mguu mmoja, na wote wanautazama mlango kana kwamba nyuma yake kuna simba. Uwanja wa shule ulikuwa wa kokoto tupu, kwa hiyo magoti hayakuwa na amani. Ndani, nesi alichovya pamba kwenye spiriti, na kila alipoigusisha kwenye mchubuko, ukelele ulisikika hadi darasa la sita.

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi," nesi alizoea kusema.

Katika darasa hilo la sita alikuwamo msichana aliyeitwa Kiberiti. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo lakini hakukawia kuwaka. Aliketi dawati moja na rafiki yake Twiga, aliyekuwa mrefu kuliko hata mwalimu wao wa sayansi.

Siku moja Twiga alianguka akachubuka muundi. Badala ya kwenda kwa nesi, alivuta soksi juu na kunyamaza. Siku ya tano hakuonekana darasani. Mama yake alikuja kutoa taarifa: mguu umevimba, kidonda kimetunga usaha, na mtoto amelazwa ana homa kali.

Kiberiti hakungoja kengele. Alikwenda moja kwa moja kwa nesi, hata salamu akaisahau.

"Twiga yuko hospitali! Alificha kidonda kwa kuogopa spiriti yako!"

Nesi aliweka pamba chini polepole. "Mtoto wewe, nimesafisha vidonda hapa miaka kumi na minane. Wewe umesafisha vingapi?"

"Hata kimoja. Lakini nyumbani mama anatuosha kwa maji safi na sabuni, na tunapona."

"Na wangu wanapona."

"Basi wapi wanapona haraka zaidi? Nani aliyehesabu?"

Uso ukamwiva nesi. "Toka nje! Adabu umeiacha wapi?"

"Nitatoka," Kiberiti alisema huku machozi yakimlengalenga, "lakini swali langu linabaki humu ndani."

Kumbe tabibu wa kituo cha afya, mwanamke mwembamba aliyekuja shuleni kila Jumanne, alikuwa mlangoni na amesikia yote.

"Mwanangu, kwanza mwombe nesi radhi kwa kumfokea," alisema. Kiberiti aliomba, ingawa kwa meno yaliyokaza. "Sasa nesi, na wewe usikasirike. Swali lake ni la haki. Wewe unasema hivi, yeye anasema vile, na hakuna kati yenu aliyelinganisha. Tulinganishe."

Juma lililofuata barua zilipelekwa kwa wazazi kuomba ruhusa. Tabibu alileta mkebe wenye karatasi sitini zilizokunjwa: thelathini zimeandikwa "spiriti", thelathini "maji na sabuni". Kila mtoto mwenye mchubuko mdogo angechukua karatasi moja bila kuchungulia, atibiwe kama ilivyoandikwa. Vidonda virefu au vichafu sana vingepelekwa kituoni siku hiyohiyo.

"Kwa nini tusiwaache wachague wenyewe?" Kiberiti aliuliza.

"Wenye vidonda vidogo wangekimbilia wapi?" tabibu alimrudishia swali.

"Kwenye maji. Wote!"

"Na wenye vikubwa wangejikaza kwa spiriti. Basi upande wa maji ungeshinda kwa sababu ya udogo wa vidonda, si kwa sababu ya maji. Bahati ikigawa, pande zote mbili zinafanana."

Mwalimu wa sayansi alipewa kazi ya kukagua vidonda kila asubuhi na kuandika alichokiona kwenye karatasi zake, bila kuambiwa nani alipata nini, ili jicho lake lisipendelee upande. Nesi alitibu. Kiberiti alishika daftari: siku ngapi hadi kupona, na maumivu kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tano.

Majuma matatu ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha akaja mtoto wa darasa la pili aliyepata karatasi ya maji. Siku ya saba kiwiko chake bado kilikuwa kibichi. Siku ya tisa vilevile.

"Hakijapona," mwalimu wa sayansi alitangaza, akaenda zake.

Kiberiti alibaki na kalamu mkononi. Mtoto huyu anapenda kuchezea matope, alijiambia. Si kosa la maji. Akachungulia huku na huku, akageuza ukurasa nyuma, akaandika: "Kimepona siku ya saba."

Jioni alikwenda kumwona Twiga, ambaye sasa alikuwa nyumbani, mguu umenyooshwa juu ya mto. Alimsimulia yote, hata lile la daftari, akitegemea atapongezwa. Twiga hakucheka.

"Kwa hiyo kama maji ni mabaya, hatutajua?"

"Maji si mabaya!"

"Unajua, au unataka iwe hivyo?" Twiga aligusa bandeji yake. "Mimi niliumia kwa sababu ya kuficha kidonda. Na wewe umeficha kingine."

Kiberiti aliwaka, akaaga kwa hasira, akapiga hatua ndefu hadi kwao. Chakula hakikumshuka. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa nesi, na bahati mbaya ilikuwa Jumanne. Tabibu pia alikuwapo.

"Nimedanganya kwenye daftari," alisema akiwa amesimama wima. "Mtoto wa darasa la pili hajapona. Niadhibuni mnavyotaka, lakini msiitupe kazi yote. Wengine wote nimewaandika kwa haki."

Nesi akakohoa.

"Juzi ilipotoka karatasi ya maji mara nne mfululizo," alisema akitazama dirishani, "nilitaka kurudisha moja kwenye mkebe. Nilikuwa nimeshaishika."

Tabibu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaangua kicheko. "Kila mtu ana upande wake! Ndiyo maana tukaweka mkebe." Alilinganisha kila mstari wa daftari na karatasi za mwalimu wa sayansi, na Kiberiti akasahihisha kwa wino mwekundu pale alipoharibu, mbele ya wote.

Karatasi zilipokwisha, walijumlisha. Waliooshwa kwa maji na sabuni walipona kwa siku saba na nusu, kwa wastani. Wa spiriti, siku saba.

"Nimeshindwa," Kiberiti alinong'ona.

"Taratibu," tabibu alisema. "Nusu siku kwa watoto sitini inaweza kuwa bahati tu. Hatuwezi kusema upande mmoja umeponya haraka kuliko mwingine. Sasa soma maumivu."

Kiberiti alisoma. Spiriti, nne. Maji na sabuni, moja.

Nesi alichukua daftari akalisoma mwenyewe, mara mbili. "Miaka kumi na minane," alisema. "Nawaumiza bure."

"Hukujua, nesi," tabibu alisema. "Kupona ni sawa, lakini asiyeumizwa huja mapema, na anayekuja mapema halazwi. Kuanzia leo tuanze na maji na sabuni." Akamgeukia Kiberiti. "Nawe sikiliza. Kuwabishia wakubwa kwa heshima si dhambi. Swali lako limewasaidia wengi. Lakini siku unapoupindisha ukweli ili ushinde, wanaoumia ni wagonjwa. Bisha na kila mtu, na kwanza kabisa ubishe na nafsi yako."

"Nimesikia," Kiberiti alisema. Alifikiri kidogo, kisha kidevu kikapanda juu. "Na baada ya kuosha, je? Kidonda kifungwe bandeji au kiachwe wazi? Nani aliyehesabu?"

Nesi alishusha pumzi ndefu, akavuta droo, akatoa mkasi na karatasi nyeupe.

"Keti hapa, mbishi wewe," alisema. "Tukate sitini nyingine."