Geji Iliyosoma Thelathini

Wewe ukiona gari linaenda vibaya, na dereva ni mume wa binti yako, utapiga kelele?

Mwaka 1984, wakati wa ukame, Kiema alikuwa akimpeleka mama mkwe wake, Mbula, kutoka Ikutha kwenda mazishini Kwa Vonza. Kwa Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala kutazamana usoni. Basi Mbula alikaa nyuma ya pikapu, juu ya gunia la mtama, leso imemfunika mpaka puani. Kutoka pale aliona tairi ya nyuma ikibonyea kwa kila jiwe. Kumwita mkwe kwa jina? Aibu. Tena Kiema alikuwa amezipima tairi zote sokoni kwa geji yake ya upepo. "Thelathini. Sawa kabisa!"

Kwenye njia ya mkato, mbali na boma lolote, tairi ikapasuka. Pikapu ikalala ubavu. Mfupa wa muundi wa Kiema ukatokeza nje, mweupe kama muhogo uliomenywa. Maji waliyobeba mtungini yakamwagika yote.

Kiema akaokota geji, akaitazama. Haikuwa imeshika tairi yoyote, na mshale ulikuwa pale pale, thelathini.

"Imekwama," akasema. "Kumbe hata hewa ya Mungu ni thelathini."

Mbula alimpa mgongo. "Wewe pikapu, mwambie mkwe wangu anyooshe mguu."

"Pikapu, mwambie Mama nimenyoosha. Afunge haraka."

Mbula akararua leso, akafunga mguu kwa vijiti viwili, macho yakiwa kwenye miiba. Kisha akang'oa kifuniko cha gurudumu, akateremka kwenye mto mkavu, akachimba mchanga mpaka ukamfika begani. Yakatoka maji ya kahawia, vifuniko vitatu kwa siku. Viwili vya Kiema.

Siku ya pili mguu ulinuka. Inzi hawakufukuzika. Mbula akaiuliza pikapu kama Kiema ana kiu. Kimya. Akageuka, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamtilia maji mdomoni tone kwa tone.

Jioni Mutie, mrina asali, akawakuta, akampakia Kiema juu ya punda wake. Akautazama ule mguu, akatikisa kichwa. "Huu hospitali wataukata, Mama."

Mbula alitembea kando, amekishika kichwa cha mkwewe kisiyumbe.

"Kiema," akasema, akimtazama machoni. "Tairi niliiona. Tangu Ikutha niliiona. Nilitaka kukwambia simama."