Maonyo Mekundu ya Boram

Kila asubuhi Tak Boram alishuka kwa lifti kutoka ghorofa ya tisa, begi mgongoni, akiwa amemshika mkono jirani yake mdogo, Narae. Narae alikuwa darasa la kwanza, na njia nzima hadi shuleni hakufunga mdomo. Boram wa darasa la sita alimsikiliza huku akiruka matunda ya miti ya ginko yaliyopasuka njiani na kunuka vibaya.

Ijumaa ile mama yake Narae alishuka pamoja nao.

"Boram, hongera mwanangu," alisema. "Ule ukurasa wako wa tovuti ya shule nimeujaza tangu Jumanne. Nimeandika kabisa kwamba Narae asipewe memil."

"Asante, mama," Boram alijibu, kichwa kikimvimba kidogo kwa sifa.

Siku hiyo bibi wa mtaani walikuwa wanakuja shuleni kuwapikia watoto tambi za memil, ile nafaka nyeusi ya milima inayouzunguka mji wao wa Chuncheon. Ni chakula kitamu, lakini mwenye mzio nacho huweza kuzibwa pumzi kwa kijiko kimoja tu. Ndiyo maana shule ilitaka wazazi waandike kwenye tovuti majina ya watoto wasioweza kukila. Ukurasa huo ulitengenezwa na Boram, hodari wa klabu ya kompyuta.

Jumatatu ya wiki hiyo, alipoujaribu mbele ya wenzake, mistari ya maandishi mekundu ilijitokeza juu ya ukurasa. Dongha, aliyekaa nyuma yake, alicheka hadi akapiga meza.

"Tovuti gani hii? Inalalamika kuliko bibi yangu akiumwa magoti!"

Klabu nzima iliangua kicheko. Masikio ya Boram yaliwaka moto. Hakusoma maandishi yale yalisema nini. Alitafuta amri ya kuyanyamazisha, akaiandika mwanzoni mwa programu yake: usiripoti kosa lolote. Papo hapo skrini ikawa safi kama sahani iliyooshwa.

"Yale mekundu yamekwenda wapi?" Mwalimu Pyo, mlezi wa klabu, alimuuliza.

"Nimerekebisha, Mwalimu."

Basi, Ijumaa hiyo saa tano na robo, Boram alitumwa kubandika orodha ya majina kwenye mlango wa jiko la shule. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini akitafuta jina la Narae. Hakuliona. Akarudia. Kulikuwa na majina ya darasa la kwanza mkondo wa kwanza, kisha darasa la pili. Kutoka mkondo wa pili, darasa la akina Narae, hapakuwa na jina hata moja.

Ndani ya jiko sufuria zilikuwa zinatokota na bibi mmoja alikuwa anaimba. Angeweza kuingia na kusema. Lakini angesema nini? Kwamba alidanganya? Dongha angesikia, shule nzima ingesikia.

"Nitarekebisha mwenyewe haraka," alijiambia. "Hakuna atakayejua."

Alikimbilia chumba cha kompyuta. Akajaza jina la uongo, akachagua mkondo wa pili, akabofya. Ukurasa ukajibu: "Asante, tumepokea." Akafungua orodha. Jina halikuwemo. Akajaribu tena. "Asante, tumepokea." Orodha ile ile. Mara ya tatu aliandika kwa haraka hadi akakosea herufi. Kompyuta ilikuwa inameza majina, na haikusema hata neno moja kwa nini, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeiziba mdomo. Na saa ya ukutani ilisoma saa tano na dakika thelathini na tano. Darasa la kwanza lilianza kula saa tano na nusu.

"Boram? Mbona hupo darasani?"

Alikuwa Mwalimu Pyo, mlangoni. Boram alijaribu kutabasamu, machozi yakamtangulia.

"Mwalimu, sikurekebisha kitu. Niliyaficha tu. Majina ya mkondo wa pili yote yamepotea, na Narae hali memil!"

Mwalimu hakuuliza swali la pili. "Kwanza watoto, kompyuta baadaye. Kimbia!"

Walishuka ngazi mbili mbili. Bwaloni watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameshakaa, masinia mbele yao. Boram alimrukia Narae na kumpokonya vijiti vya kulia.

"Dada Boram, vipi wewe?" Narae alikasirika. "Mimi sijala tambi. Mama amenikataza. Nimekula wali na kabichi ya kimchi tu."

Boram alipumua. Hapo ndipo alipomwona mvulana aliyekaa mkabala na Narae. Bakuli lake la tambi lilikuwa limebaki nusu. Alikuwa anajikuna shingo, midomo imevimba, na kila pumzi aliyoivuta ilipiga mluzi.

"Taeo!" Mwalimu Pyo alipaza sauti. "Mwiteni nesi! Bibi, zima jiko! Asile mtu!"

Boram hakuwa amemfikiria Taeo. Hakumjua hata jina. Alisimama kama gogo huku nesi akipiga magoti na kumchoma mtoto sindano ya paja, huku watoto wengine wakilia, huku gari la wagonjwa likiingia uwanjani. Taeo alipobebwa, kiatu chake kimoja kilibaki chini ya meza. Boram alikiokota, akakikumbatia, hakujua akipeleke wapi.

Baada ya saa moja iliyokuwa ndefu kama mwaka, simu ililia kutoka hospitalini. Taeo alikuwa anapumua vizuri.

"Sasa njoo," Mwalimu Pyo alimwambia Boram. "Kazi haijaisha."

Mbele ya kompyuta Mwalimu alifuta amri ya Boram, akaandika nyingine tatu. Programu iripoti kila kosa, dogo na kubwa. Makosa hayo yasionyeshwe kwa wageni wa tovuti. Na kila kosa liandikwe kwenye faili ndani ya seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, pamoja na tarehe na saa, mahali ambapo wao tu wangelisoma. Kisha wakajaza jina la majaribio na kulifungua faili. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja: imeshindikana kuandika, folda ya darasa la kwanza mkondo wa pili haipo.

Boram alifunika uso. Mkondo ule ulikuwa umefunguliwa mwaka huo, na yeye alitumia orodha ya madarasa ya mwaka jana. "Bila shaka ndiyo maneno ya Jumatatu ambayo sikuyasoma, Mwalimu. Yale mekundu."

"Ndiyo. Na mimi nilikuuliza, nikaridhika na jibu bila kutazama. Hilo ni kosa langu, nimeshamwambia mwalimu mkuu. Moshi wa jikoni hatumpulizii mgeni, Boram, lakini mpishi akijiziba pua nyumba itaungua. Kusahau folda kungempata yeyote. Kunyamazisha onyo ni jambo la kuchagua."

Jumatatu iliyofuata mama yake Taeo alikuja shuleni na mwanawe. Boram aliinama mbele yake hadi nywele zikagusa magoti.

"Ni mimi niliyeharibu, mama. Naomba radhi. Na wewe pia Taeo."

"Uliponiandikia 'tumepokea' nilimwacha mwanangu aje bila wasiwasi," mama yule alisema. "Unajua hilo?"

"Najua."

"Na sasa jina lisipoingia?"

"Folda nimeiongeza, na nimeurekebisha ukurasa: utakwambia halijaingia, upige simu. Na kosa litaandikwa kwenye faili. Nalisoma kila asubuhi, kisha Mwalimu analisoma."

Mama alimtazama, kisha akatoa simu yake mkobani.

"Basi nionyeshe tena pa kuandika," alisema. "Lakini sikia, mtoto. Mimi skrini safi siitaki. Nataka inayosema kweli."