Upande wa Pili wa Karatasi

Seremala mmoja alikuwa na karakana ubavuni mwa nyumba yake. Karakana ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na mlango wa mbao. Chumba cha mbele kilikuwa cha misumeno, randa na vumbi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mke wake, aliyeshona mito ya viti kwa cherehani ya miguu. Watu walimwita seremala huyo Fundi Pembe, kwa sababu hakuwahi kutoa meza iliyokaa upande.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na minne. Jina lake la nyumbani lilikuwa Chapuchapu. Mama yake ndiye aliyempa, kwa kuwa mtoto huyo alijifunza kukimbia kabla hajajua kutembea vizuri. Alioga chapuchapu, akala chapuchapu, na siku hizi hata kusoma alisoma chapuchapu.

Fundi Pembe alikuwa amesoma madarasa matatu tu. Zamani wateja walimwandikia kazi zao kwenye vipande vya karatasi. Tarakimu alizijua vizuri. Maneno machache aliyajua pia: kitanda, droo, kabati, mguu. Neno likimshinda alimwuliza mkewe. Kisha simu za kisasa zikaingia. Mteja akawa anabonyeza na kusema anachotaka, naye fundi anasikiliza huku akiendelea kupiga randa. Akitaka kujibu, anasema tu. Kazi ikaenda kama maji mteremkoni. Hakuna aliyegundua kwamba yale maneno machache aliyoyajua yalikuwa yanamponyoka moja baada ya jingine. Kifaa kisichotumika huota kutu.

Kwa binti mambo yalikuwa kinyume. Yeye alisoma kutwa nzima kwenye simu ya mama yake, lakini alisoma vipande. Mstari mmoja hapa, picha pale, kicheko, halafu kidole kinasukuma juu. Mwalimu wake alimweleza mama kwamba binti akipewa habari ya kurasa mbili hujibu vizuri maswali ya mwanzo, na yaliyobaki anabahatisha. Mama alimgombeza kidogo, mambo yakaishia hapo.

Katika msimu wa mvua mteja mmoja alileta kitanda cha zamani. Wadudu walikuwa wameitoboa mbao, na unga mwembamba ulimwagika kila mara kitanda kilipoguswa. Fundi Pembe alikwenda kununua dawa ya kuua wadudu hao. Muuzaji alimpa chupa, na ndani ya boksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye maandishi madogo kama mbegu za mchicha.

Alimwita binti yake amsomee. Chapuchapu alikuja na simu mkononi. Aliifungua karatasi kwa mkono mmoja, akatazama juu, akatazama katikati.

"Kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji," alisema. "Unakoroga, unapaka kwa brashi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, baba."

Hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo. Simu ililia, akaiweka karatasi juu ya benchi na kuondoka.

Mvua ilikuwa inapiga kwa upepo, kwa hiyo fundi alifunga madirisha ili maji yasiingie. Alichanganya dawa kama alivyoambiwa, akaanza kupaka. Harufu ilikuwa kali, lakini yeye alizoea harufu za gundi na vanishi. Katika chumba cha nyuma mkewe aliendelea kushona. Naye alikuwa amefunga dirisha lake. Mwanamke huyo alikuwa na pumu tangu utotoni.

Haikupita saa moja, cherehani ikanyamaza. Mwanzoni fundi hakujali. Kisha akasikia kitu kikianguka, kama mkasi. Alipofungua mlango alimkuta mkewe ameegemea meza. Macho yalikuwa yanatiririka machozi, na kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Alijaribu kusema neno, pumzi haikutosha. Fundi alimbeba hadi barazani. Binti aliposikia kelele alitoka, akamwona mama yake, akakimbilia nyumba ya pili kumwita jirani.

Jirani huyo alikuwa mwanamke mstaafu. Kwa miaka thelathini alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kabla havijachapwa na kutafuta makosa. Watoto wa mtaa walimwita Bibi Nukta, kwa sababu hata barua ya mwaliko wa harusi aliisahihisha kabla ya kuipokea.

Bibi Nukta hakupiga kelele. Aliuliza ni dawa gani iliyotumika. Aliagiza mgonjwa aoshwe uso na mikono kwa maji mengi, na nguo iliyoshika harufu ivuliwe, ajifunge kanga safi. Fundi alipotaka kumpa mkewe maziwa ili atapike, alimzuia. Alisema asipewe chochote mdomoni wala asilazimishwe kutapika, apewe hewa na apelekwe zahanati mara moja. Yeye mwenyewe aliikamata chupa na ile karatasi, akaingia navyo kwenye gari la kukodi.

Katika zahanati, muuguzi aliitazama chupa kwanza, kisha mgonjwa. Alisema wamefanya vizuri kuja na chupa, kwa sababu sasa anajua anapambana na nini. Mgonjwa alivalishwa barakoa ya kuvutia dawa na hewa. Baada ya muda kile kifilimbi kifuani kilipungua. Muuguzi alisema ataishi, lakini lazima alazwe siku mbili wamwangalie. Aliongeza kwamba wangechelewa kidogo tu, angekuwa anawaambia maneno mengine.

Nje ya wodi walikaa kwenye benchi, fundi, binti na jirani. Fundi aliomba asomewe karatasi. Bibi Nukta aliivaa miwani yake, akaikunjua karatasi, akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa umejaa maandishi.

Alisoma polepole, bila kubadilisha sauti. Dawa isitumike ndani ya chumba kilichofungwa. Madirisha na milango viachwe wazi. Anayepaka avae glavu na barakoa. Watoto, wajawazito na watu wenye pumu wakae mbali. Chumba kisikaliwe mpaka siku mbili zipite.

Muuguzi alipita na beseni, akarudi.

"Nilidhani imeisha," Chapuchapu alisema. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Baba yake hakumpiga wala hakumtukana. Lakini walipofika nyumbani aliichukua simu ya mkewe na yake pia, akazitia kwenye sanduku la misumari, akafunga kwa kufuli. Alisema kuanzia siku hiyo nyumba yake haina simu.

Kesho yake wateja wawili walikuja wenyewe, wamekasirika, kwa sababu walikuwa wanapiga na hawapatikani. Mkewe naye alikuwa ameomba muuguzi ampigie mumewe amletee shuka. Simu ililia ndani ya sanduku na hakuna aliyelifungua. Jioni Bibi Nukta alikuja kuulizia hali ya mgonjwa. Chapuchapu alimwamkia na kutaka kuondoka. Jirani akamwambia akae.

Kisha akamgeukia baba mtu. "Fundi, msumeno ukikukata kidole, unautupa?"

"Siutupi. Najifunza kuushika."

"Basi zitoe hizo simu. Hazikumdhuru mkeo. Mlizishika vibaya, wewe na binti yako, kila mmoja kwa namna yake."

Alimtaka Chapuchapu aeleze jinsi alivyoisoma ile karatasi, bila kuogopa. Binti alieleza kwamba alitafuta neno lililokuwa na namba, kwa sababu alidhani hilo ndilo baba anataka. Alipolipata aliona kazi imekwisha. Jirani alitikisa kichwa kukubali.

"Macho yako yamezoea kuruka," alisema. "Kwenye simu maneno yanakimbia, na wewe unayakimbiza. Mengi yake hayana hasara ukiyaruka, kwa hiyo macho yamejifunza kwamba kila andishi linarukika. Huna upungufu wa akili, mjukuu wangu. Ni mazoea tu, na mazoea hubadilishwa na mazoea mengine."

Kwa fundi alikuwa na neno jingine. Alisema sauti inafaa kwa salamu na kwa jambo la haraka, naye mwenyewe huipenda, maana humsikia mwanawe aliye mbali akicheka. Lakini sauti ikipita imepita. Andishi hukaa pale pale likikungoja. Unaweza kulirudia mara tano, ukampa mwenzako naye alitazame. Fundi aliacha hata kusoma kile kidogo alichokijua, akamkabidhi mtoto macho yake. Mtoto akikosea, hakuna wa kumwona.

Fundi alisema yote hayo ni kweli, ila yeye ana miaka arobaini na sita. Shule na yeye waliachana zamani, bila hata kuagana.

"Mbao kavu huwa huipindi?" jirani aliuliza.

"Naipinda. Naiweka kwenye mvuke kwanza, halafu polepole."

"Basi na wewe tutakuweka kwenye mvuke."

Akaomba penseli. Aliwaonyesha namna alivyokuwa akifanya kazini. Kwanza aliigeuza karatasi pande zote, kujua inaanzia wapi na inaishia wapi. Kisha alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Palipoandikwa jambo la kufanya alitia alama ya vema. Palipokatazwa jambo alitia alama ya mkasi. Mwisho alimpa Chapuchapu karatasi, akamwambia asome hivyo hivyo, kisha aifunike na kumweleza baba yake kwa maneno yake mwenyewe. Alisema mtu asiyeweza kueleza bado hajasoma, amepita tu karibu na maandishi.

Chapuchapu alieleza mara ya kwanza akasahau glavu. Mara ya pili akasahau wajawazito. Mara ya tatu hakusahau kitu.

Siku ya kurudi mama kutoka zahanati aliwakuta wote watatu mezani, vichwa vimeinama. Alikuwa amekonda kidogo, na sauti ilikuwa bado ya kukwaruza. Aliuliza kama kweli ameondoka siku mbili tu na wao tayari wamefungua shule. Binti alisimama, akamshika mkono. Mama alimwambia yamepita, ila chupa nyingine ikiingia humu ndani ataisoma mama mwenyewe kwanza, kisha baba, kisha Chapuchapu, na ikibidi mbwa wa jirani.

Waliweka utaratibu. Kabla ya chakula cha jioni, kwa dakika kumi na tano, simu zilikaa chumbani ndani ya kabati na familia ilisoma. Chapuchapu alisoma ukurasa mmoja kwa sauti, mama akauliza maswali. Fundi alisoma mistari mitatu. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mkono wa binti ulikwenda kutafuta simu mahali ambapo haikuwepo. Alihesabu kurasa zilizobaki. Alisema kichwa kinamwasha. Mama alimjibu kwamba hata yeye miguu ilimwuma mwanzoni alipojifunza cherehani.

Simu nazo zilipewa kazi mpya. Wateja waliendelea kutuma sauti, lakini fundi aliwaomba vipimo na siku ya kuchukua waviandike. Na yeye alijibu kwa maandishi, hata kama ni maneno mawili. Mteja mmoja alitumiwa "nimepta ujumb" akauliza kama fundi ni mgonjwa. Mkewe alicheka mpaka akakohoa. Fundi hakuona aibu kubwa. Alirudia kuandika, herufi moja moja, kwa kile kidole kinene chenye gundi.

Karakana nayo ilibadilika. Fundi alijenga kibanda cha nje chenye paa bila kuta, na dawa na vanishi zilihamia huko. Chumba cha kushonea kikahamishiwa upande mwingine wa nyumba.

Miezi sita ilipita. Mwalimu alimweleza mama kwamba binti sasa hujibu maswali ya mwisho kama anavyojibu ya mwanzo, ingawa amekuwa mtu wa kuchelewa kumaliza mtihani. Mama alisema nyumbani jina lake bado ni Chapuchapu, labda walibadilishe.

Bibi Nukta alimwazima fundi kijitabu kuhusu ukaushaji wa mbao. Kilikuwa na kurasa hamsini. Fundi alikaa nacho wiki saba. Jioni moja alisikika akibishana nacho peke yake. Alisema mwandishi anajua mengi, lakini hajawahi kulala njaa kwa sababu mbao imepasuka. Mkewe alimwambia kama ana neno, amwandikie.

Kijitabu kiliporudi, Bibi Nukta alizipitia kurasa zake kwa kidole kama alivyozoea. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja alisimama. Pembeni mwa maandishi, kwa penseli nene ya seremala, mtu alikuwa ameandika: "Si kweli. Mbao nene haikauki kwa mwezi moja. Mimi nimejaribu."

Bibi Nukta hakupenda watu wanaoandika kwenye vitabu vya watu. Aliisoma sentensi ile mara mbili. Kisha alichukua kalamu yake nyekundu, akaligusa neno "moja" na kuandika juu yake "mmoja". Mengine yote aliyaacha kama yalivyo, kwa sababu yalikuwa sahihi.